Ngeu

Mimi mchora vibao, Majengo, nyuma ya soko.
Ng'ombe anayetabasamu kwenye bucha ni wangu,
na yule dada wa saluni mwenye shingo ndefu kupita kiasi;
shingo ilinishinda, mwenye saluni akaipenda, nikalipwa.
Sijapata kumchora mtu aliyekaa mbele yangu akipumua.

Sasa watu wa Chilonwa wameniita.
Wamenipa mbao nane za plaiwudi
na ukuta wa ghala la mtama: Tuchoree waliobaki.
Waliobaki wa mwaka ule wa mkasi,
ilipotangazwa kwamba nchi imeshajitawala
na aibu haitakiwi barabarani;
anayetaka kupanda basi la Mpwapwa,
kuuza kuku mnadani, kupimisha mtoto zahanati,
aje bila ngeu, bila misuko, bila tundu sikioni.

Waliandikwa wanane. Wawili wamekufa kabla rangi haijafika.
Mzee Lungwa alisinzia tangu mstari wa kwanza,
nimemchora hivyo hivyo, mdomo wazi.

Leo Nyamwaja, binti Masaka.
Amekuja na kigoda chake, kiti changu cha plastiki hakiamini.
Mbukwa, nikamwamkia. Akanipa sikio la kushoto
kama anayemwonyesha daktari.
Ndewe imeshonwa.
Nyuzi saba, anasema, nilizihesabu kwa meno.
Tuliwasihi. Hawakujua ndewe wala sikio.
Akacheka mwenyewe, peke yake, kwa hilo neno.

Nichore lipi, bibi?
La zamani, lenye kipande cha kibuyu ndani yake,
au hili?

Yule wa zamani simjui tena. Alikuwa na miaka kumi na saba,
akicheka ovyo.
Chora mshono. Usiulainishe.

Nikafungua kopo la nyekundu,
nyekundu ile ile ya soda na vinyozi.
Ikamkaa usoni kama uongo.
Akainuka, akaifuta ubaoni kwa kidole gumba,
akafungua pindo la khanga: donge,
dogo kama figo ya mbuzi, limepasuka kwa ukavu.
Lilikaa chini ya uwele, ndani ya mtungi,
kila walipokuja kupekua.
Saga hili. Tia samli.

Ngeu.
Kwa mama yangu lilikuwa jina la damu ya kichwani
tulipopigana mawe.
Kwa babu, fundi seremala, lilikuwa mstari
mahali msumeno utakapopita.

Una vidole vya baba yako, akasema,
wala hakushusha sauti.
Nimekujua ulivyoshika mkaa.

Brashi ikasimama.
Nyumbani mkasi ule ulikaa kwenye mkebe wa majani ya chai.
Tulinyolewa nao kila shule inapofunguliwa.
Hakuna aliyeuliza umetoka wapi;
ulikuwa mkali, haukukwaruza.

Nikasema samahani. Neno lenyewe dogo,
sikuona lilipoangukia.

Hata, akasema. Yeye ndiye aliyenyolewa wa kwanza,
mbele ya baraza, saa sita mchana,
misuko yake ikapeperushwa na upepo hadi kwenye miiba
ikaning'inia pale msimu mzima.
Ndipo wakampa mkasi.
Siku mbili hakutoka ndani.
Ya tatu akaja kwetu.

Nimesaga mpaka jua limeingia nyuma ya ghala.
Sikio limekaa. Mshono umekaa, nyuzi zote saba.
Zimebaki mbao mbili, tupu, zimeegemea ukuta,
na Nyamwaja anazitazama kuliko anavyojitazama.

Misuko yake ilianzia wapi, bibi?
Mimi nimemjua na upara.

Ameinua mkono wenye vumbi jekundu,
akanionyesha,
juu ya paji langu.